Sola ya Boti, Chumvi na Jani la Mgimbi

Nahodha mmoja ninayemjua hapa Lamu ametandika sola ya plastiki, ile inayokunjika, juu ya paa la boti yake. Ikifika alasiri imeota ukungu mweupe wa chumvi, naye huufuta kwa pindo la kikoi. Sasa anashawishiwa anunue nyingine ya bei zaidi, yenye mpako unaokataa maji na usioakisi mwanga. Anunue?

Kuhusu mwanga, hadithi si ya uongo. Plastiki tupu hurudisha angani kama asilimia 4 au 5 ya jua linaloipiga wima, na zaidi jua likiinama. Mpako wa takriban nanomita 100, mwembamba kuliko unywele mara mamia, hufanya miale inayorudi ifutane yenyewe kwa yenyewe. Mwanasayansi Mmarekani Katharine Blodgett alilifanya hilo kwenye kioo mwaka 1938.

Maji ndiyo yenye vita. Umwagiapo maji jani la mgimbi, matone huviringika kama zebaki na kuzoa vumbi, kwa sababu jani lina vinundu vidogo mno vyenye nta, na mpako huiga hivyo. Lakini vinundu vikikua kidogo tu, plastiki huwa na ukungu na mwanga haupiti vizuri. Basi lazima viwe vidogo sana, na vidogo ni dhaifu. Kioo huchomwa kwa joto kali mpako ushike, plastiki itajikunja. Mpako mgumu hupasuka paneli ikipindwa, mlaini huchubuka. Na chumvi kavu chini ya kikoi ni msasa, jamani.

Anayeutetea mpako ana hoja moja nzito: unaokoa maji matamu. Mji huu hunywa maji ya visima vya mchangani Shela, si ya kuoshea sola kila jioni. Ila tone halitelezi penye paa bapa. Hukaukia palepale likaacha doa.

Tena mipako mingi ya aina hii ina kemikali za florini zisizooza. Mojawapo ya kemikali za ukoo huo, PFOA, iliingizwa mwaka 2019 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sugu. Kinachochubuliwa na kikoi huishia mkondoni, waliko samaki. Mimi ningeulizia mpako wa silikoni usio na florini, na ningetaka kuona paneli iliyokwisha kupigwa na kusi msimu mzima, si ile inayong'aa dukani.

Nahodha hajanunua bado. Amechomeka kipande cha ubao chini ya ukingo mmoja wa sola, ili mvua iteremke.