Kompyuta kiwandani Tanga: inapunguza uchafu au inauhesabu tu?

Sa hivi wapo wanaosema teknolojia ya habari ndo itaokoa mazingira ya viwanda vyetu hapa Tanga, wengine wanasema ni mapambo ya kwenye ripoti tu, na mi naona inategemea unaongelea kiwanda gani.

Chukua mkonge. Ukisimama kwenye korona, pale majani yanapokamuliwa kutoa nyuzi, unaona majani yanaingia mabichi, nyuzi zinatoka huku, kule linamwagika rojo la kijani na maji mengi, harufu yake ya uchachu unaipata kabla hujafika. Kwenye kilo 100 za majani nyuzi ni kama kilo 4 tu, kinachobaki ni maji na taka, zikiachiwa mtoni zinamaliza oksijeni samaki wanakufa. Kule Hale, Korogwe, walishaonyesha kwamba taka hizo zinatoa gesi ya kuzalisha umeme, na hapo kompyuta ina kazi kweli, maana wale bakteria wa gesi joto likiyumba au asidi ikizidi wanagoma, sasa kipimo kinachosoma muda wote kinamshtua fundi mapema kabla mtambo haujalala. Hapo sibishani na mtu.

Simenti ndo ngumu. Tanuri linapeleka malighafi kwenye nyuzi joto kama 1,450, kompyuta ikisimamia vizuri moto na hewa, makaa yanayochomwa yanapungua, sawa. Lakini zaidi ya nusu ya hewa ya kaboni ya simenti haitoki kwenye moto, inatoka kwenye lile jiwe la chokaa lenyewe likigeuka klinka, yale mabonge yanayosagwa kuwa simenti, na hakuna programu ya kulizuia hilo, labda upunguze klinka uchanganye pozolana, kama majivu ya volkano. Kwa hiyo ukiambiwa kiwanda kimekuwa rafiki wa mazingira kwa sababu kina mfumo wa kisasa, uliza kwanza klinka ni asilimia ngapi kwenye mfuko.

Na vifaa vyenyewe vinakufa, hasa kwa hii hewa ya chumvi, vikifa vinaishia kwa watu wa skrepa, nyaya zinachomwa ipatikane shaba.

Ila kinachoniuma zaidi ni namba. Vumbi la bomba la moshi likipimwa namba ikabaki kwenye skrini ya wenyewe, mama anayeanika makopa jirani hapo haimsaidii kitu. Mi niko upande wa teknolojia kabisa, ila namba za vumbi na maji machafu zibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila wiki, na siku kiwango kikipitiliza mwenyekiti apate meseji simuni saa hiyohiyo, kwa mashine iliyokwisha kupima hiyo si kazi kubwa.