Mashine iko njiani: ulipie leo au usubiri ifike?

Tangazo la mashine mpya ya kuchimba sarafu za kidijitali, yaani kuzipata kwa kushindana kupiga hesabu, huja na namba tatu: kasi, umeme inaokula, na mwezi itakaomfikia mnunuzi. Mabishano yanayofuata karibu yote huwa juu ya namba mbili za mwanzo. Watu hulinganisha terahashi (matrilioni ya majaribio ya hesabu kwa sekunde) na wati, wanazidisha kwa bei ya leo ya sarafu, kisha wanatangaziana mashine itarudisha pesa yake baada ya siku ngapi. Namba ya tatu hupitwa haraka. Kwangu mimi hiyo ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Kasi utaipima siku utakayofungua boksi. Tarehe ya kufika unaiamini au huiamini, na ndiyo inayoamua kasi hiyo itakuwa na thamani gani.

Sababu iko ndani ya mfumo wenyewe. Bitcoin hutoa bloku moja, yaani fungu la miamala linalomlipa aliyelikamilisha sarafu mpya, kwa wastani wa dakika 10, mashine ziwe mia au milioni. Kila zinapopita bloku 2,016, yaani takriban wiki mbili, mtandao hujipima: bloku zikitoka upesi mno, ugumu wa kuchimba huongezwa, zikichelewa, hupunguzwa. Kwa hiyo kizazi kipya cha mashine hakiongezi sarafu hata moja. Sinia ni lile lile, mikono ndiyo inayoongezeka. Mwenye mashine kali zaidi anakula vizuri kwa muda ule tu ambao wenzake hawajaipata.

Mwaka 2013 ulionyesha jambo hili wazi kuliko mwaka mwingine wowote. Kabla ya hapo watu walichimba kwa kompyuta za kawaida, kisha kwa kadi za michoro, kisha kwa chipu zinazoweza kupangwa upya. Mwaka 2012 kampuni kadhaa zikaanza kupokea pesa za wateja kwa ajili ya ASIC, chipu isiyojua kazi nyingine duniani isipokuwa kupiga hesabu ya sarafu husika. Mashine za kwanza za chapa ya Avalon zikawafikia wenyewe Januari 2013. Toleo hilo la mwanzo lilikuwa la mashine 300, kila moja dola 1,299, kasi yake zaidi kidogo ya gigahashi 60, yaani majaribio bilioni 60, kwa sekunde. Ugumu wa mtandao ulikuwa karibu milioni 3. Ukipiga hesabu kwa namba hizo, mashine moja ilichimba kama Bitcoin 11 kwa siku, na kila Bitcoin ilikuwa karibu dola 20. Chini ya wiki mbili, pesa imerudi.

Sasa ichukue mashine hiyo hiyo, haijaharibika, haijapata hata vumbi, uiwashe mwishoni mwa Desemba mwaka ule ule. Ugumu umeshavuka bilioni 1. Siku nzima ya kuunguruma inakupa takriban asilimia 3 ya Bitcoin moja. Aliyeletewa Januari na aliyeletewa Desemba walinunua chuma kile kile, lakini hawakununua kitu kimoja.

Butterfly Labs ya Marekani iliwafunza watu somo hili kwa machungu. Ilianza kupokea oda za ASIC katikati ya 2012 ikiahidi kuzileta Oktoba. Oktoba ikapita. Mashine zikaanza kutoka kwa kuchechemea mwaka 2013, na wengi waliendelea kusubiri wakati ugumu ukipanda kila wiki mbili. Septemba 2014 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ikaifikisha mahakamani, na mwaka 2016 shauri likamalizwa kwa makubaliano. Sharti moja la makubaliano hayo linafaa kukumbukwa na kila mnunuzi: wahusika walizuiwa kupokea malipo ya mapema kwa mashine za kuchimba isipokuwa ziwe tayari zipo na zinaweza kufika ndani ya siku 30. Siku thelathini! Katika biashara iliyozoea kuuza miezi sita mbele, hiyo ni kama kuifunga.

Kuna hasara nyingine ambayo watu huisahau. Dola 1,300 za Juni 2012 zilikuwa sawa na zaidi ya Bitcoin 190, kwa kuwa sarafu moja ilikuwa chini ya dola 7. Aliyelipia mashine kwa sarafu zake alitakiwa ajiulize kama mashine hiyo itawahi kuchimba sarafu nyingi kuliko alizozitoa. Mashine nyingi za oda za wakati ule hazikukaribia. Angezikalia tu sarafu zake hadi mwisho wa Novemba 2013, bei ilipopita dola 1,000, angekuwa tajiri bila kusikia kelele ya feni hata moja. Ndiyo maana pia wateja wa HashFast, kampuni nyingine ya enzi hiyo, walifika mahakamani wakidai waliahidiwa kurudishiwa pesa kwa Bitcoin. Kurudishiwa dola zile zile, baada ya bei kupaa, kwao ilikuwa kuporwa.

Hadi hapa mtu angesema basi, asilipe mtu mpaka aione. Ila hoja ya upande wa pili si nyepesi. Ni benki gani ingekopesha mwaka 2012 kwa ajili ya chipu ya kuchimba sarafu ambayo wengi hawakujua hata jina lake? Kuchora chipu na kuikatia nafasi kiwandani hudai fedha nyingi kabla haijauzwa hata moja. Waliolipa mapema ndio waliobeba gharama hiyo. Wale wa Avalon hawakuona mashine pia walipotoa dola zao. Waliuziwa mbuzi kwenye gunia, gunia likafunguliwa, na mbuzi alikuwemo. Wangengoja wote, pengine isingekuwepo ya kungojea.

Tena anayesubiri bidhaa iwe tayari halipi bei ile ile. Wauzaji hupanga bei ya mashine wakitazama bei ya sarafu. Sarafu ikipanda, mashine iliyo ghalani nayo hupanda. Kulipa mapema ni kununua punguzo kwa kujibebesha hatari. Si upumbavu, mradi mnunuzi ajue anachonunua.

Hapo huibuka swali la zamani: kama mashine ni mgodi wa dhahabu, mbona muuzaji anakuuzia badala ya kuchimba mwenyewe? Jibu la haraka ni kwamba anakudanganya. Nadhani jibu hilo ni la uvivu. Muuzaji anayeuza amepata faida yake leo, na hatari ya bei, ya umeme na ya ugumu ameihamishia kwako. Hilo ni biashara, halali kabisa. KnCMiner ya Sweden ilifikisha mashine zake za kwanza Oktoba 2013, kisha ikageukia kuchimba yenyewe kwa wingi. Mei 2016 ikafilisika, wiki chache kabla malipo ya kila bloku hayajapunguzwa nusu hadi Bitcoin 12.5. Kutengeneza mashine nzuri hakukuikinga na hatari iliyoichukua ilipoamua kuchimba.

Je, hesabu za 2013 bado zinatufaa? Kwa sehemu tu. Antminer S1, mashine ya kampuni ya Bitmain ya mwisho wa 2013, ilitumia umeme wa takriban jouli 2,000 kwa kila terahashi. Antminer S9 ya 2016 ilitumia karibu 98. Mara ishirini chini, ndani ya miaka isiyofika mitatu. Kutoka S9 hadi Antminer S21, yenye jouli 17.5, imepita zaidi ya miaka saba, na nafuu ni chini ya mara sita. Mwanzoni watengenezaji waliruka kutoka chipu za kizazi cha zamani hadi za kisasa kwa hatua kubwa kubwa. Sasa wamefika ukingoni mwa teknolojia ya viwanda vya chipu na wanasogea kwa mwendo wa viwanda hivyo. Mashine ya leo haizeeki kwa miezi minne.

Kwa hiyo kuchelewa miezi miwili mitatu kunauma, ila si lazima kuue. Kinachomaliza wachimbaji zaidi siku hizi ni bei ya umeme, na siku ya kupunguzwa malipo ya bloku, kama Aprili 2024 yaliposhuka kutoka Bitcoin 6.25 hadi 3.125. Na ugumu nao si wa kupanda tu. China ilipowafungia wachimbaji wake mwaka 2021, ugumu ulishuka karibu asilimia 28 kwa mkupuo mmoja mwezi Julai. Mwenye mashine kuukuu iliyokuwa ikifanya kazi kwingineko alivuna. Aliyeendelea kusubiri kizazi kijacho hakupata kitu. Ngoja ngoja, wanasema, huumiza matumbo.

Kwenye sarafu ndogo mambo ni tofauti kabisa, na hapa sina uvumilivu sana na matangazo. Machi 2018 kampuni ya Bitmain ilitangaza Antminer X3 kwa ajili ya sarafu ya Monero, ifike kwa wateja Mei. Aprili watu wa Monero wakabadilisha algoriti yao, yaani kanuni ya hesabu ya kuchimba, makusudi ili mashine za aina hiyo zisifanye kazi. Mashine ikafia njiani. Mara tu baada ya badiliko hilo nguvu ya mtandao ilishuka vibaya, dalili kwamba chipu maalumu zilikuwa zikichimba kimya kimya kabla ya kutangazwa. Yaani aliyetarajia kuwa wa kwanza alikuwa akisimama nyuma ya foleni asiyoiona. Novemba 2019 Monero ikahamia algoriti ya RandomX, inayopendelea kompyuta za kawaida.

Je, Monero walifanya vyema? Wanaotetea ASIC wana hoja nzito: mashine isiyofaa kwa kazi nyingine humfunga mwenyewe na uhai wa sarafu, maana sarafu ikifa, mashine ni chuma chakavu. Sarafu zinazochimbwa kwa kadi za michoro zinaweza kushambuliwa na mtu aliyekodi nguvu ya kuchimba kuliko ya wengine wote, na inaaminika sarafu ya Bitcoin Gold ilipigwa hivyo Mei 2018. Upande wa pili, mashine za kuchimba Bitcoin hutengenezwa na kampuni chache mno, zikiongozwa na Bitmain na MicroBT, na hata jitu kama Intel liliingia na chipu yake mwaka 2022 likajitoa mwaka uliofuata. Anayeamua nani apate mashine kwanza ana mamlaka ambayo hakuna aliyempigia kura. Kati ya hofu hizo mbili, hiyo ya pili ndiyo inayonikosesha raha zaidi.

Kwa Bitcoin, basi, ningeweza kulipia mashine iliyo njiani, kwa masharti. Hesabu ya faida niifanye kwa ugumu ninaoutarajia mwezi wa kufika, kisha niirudie nikichukulia imechelewa miezi mitatu. Ikibaki na faida mara zote mbili, naendelea. Mkataba utaje tarehe, utaje pia marejesho yatakuwa kwa dola au kwa sarafu. Kwa sarafu ndogo ambayo jumuiya yake inaweza kubadilisha algoriti wakati mzigo uko bandarini, silipi kabla, hata kwa nusu bei.