Namba 23 Ilikutwa kwenye Bakuli la Mshenga

Nilipowaambia ndugu zangu wa Kigoma kwamba narudi nyumbani kufanya utafiti wa masta ya baiolojia, shangazi aliuliza swali moja tu: "Ya kutibu watu?"

Nikamwambia hapana, ya samaki.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Sasa baba, samaki si ndio hawa wamejaa mwaloni Kibirizi? Dar ulifuata nini?"

Jibu sijalipata mpaka leo.

Shangazi anakaa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, na ana friza kubwa ya kuuzia barafu za ubuyu. Nilipofika nikaomba kona moja ya hiyo friza. Akanipa, ila kwa sharti kwamba barafu zake zisinuke shombo. Nikaapa. Nikanunua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, na nikajiona mtafiti kamili.

Nieleze kidogo, maana bila hili hutanionea huruma. Samaki niliyekuwa namfuatilia ni mgebuka, huyu huyu mrembo wa ziwa letu ambaye kwenye vitabu anaitwa Lates stappersii. Ndani ya kichwa chake, karibu na ubongo, mna vijiwe vya sikio, jozi 3. Jozi moja ni kubwa kuliko nyingine, nayo ndiyo tunayoitafuta. Samaki anavyokua, kijiwe kinajiongezea tabaka juu ya tabaka, kama mti. Unakitoa, unakisugua mpaka kinakuwa chembamba, unakiweka kwenye hadubini, unahesabu pete. Kwa hiyo masta yangu yote, ukiivua kilemba cha Kiingereza, ni kumuuliza mgebuka: una umri gani, na mbona ni mfupi hivyo?

Ila kijiwe peke yake hakina maana. Lazima ujue kilitoka kwa samaki yupi, wa urefu gani, dume au jike. Ndiyo maana kila kichwa nilikitia karatasi ndani ya shavu. Siyo karatasi ya daftari, ni ile isiyolowa, na nimeandika kwa penseli kwa sababu wino unakimbia na maji lakini penseli inabaki. Karatasi moja ilisomeka hivi: KB 23, 312, J. Yaani Kibirizi, samaki wa 23, urefu milimita 312, jike.

Kumbuka hiyo KB. Itarudi.

Haya yote yalikuwa Mei 2024, na nilikuwa nakimbizana na serikali. Ziwa Tanganyika lilikuwa linafungwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi usimame, samaki wapumue. Wiki ile ilikuwa ya giza, na giza ndilo soko la mvuvi wetu, kwa sababu anavua kwa taa. Mbalamwezi ikitoka samaki haoni sababu ya kuifuata taa ya mtu. Kwa hiyo kila alfajiri nilikuwa Kibirizi na rula yangu, napima migebuka huku akina mama wananitazama kama afisa mapato. Nilikuwa nanunua samaki mzima, nakata kichwa, kiwiliwili nampelekea shangazi. Ndiyo ilikuwa kodi yangu ya pango. Mpaka Ijumaa nilikuwa na vichwa 62 ndani ya ndoo.

Profesa alinitumia ujumbe: "Vijiwe vitolewe siku hiyo hiyo." Nikamjibu kwa kidole gumba. Moyoni nikasema nitavitoa vyote Jumapili, nikiwa nimelala vizuri.

Sasa, Jumamosi tarehe 11 palikuwa na ugeni. Watu wa Ujiji walikuwa wanakuja kumposa binamu yangu, binti wa shangazi. Nilijua, nilishaambiwa, nilishachangia hata soda. Nilichokuwa sijui ni kwamba asubuhi ile, nikiwa bado Kibirizi, shangazi alifungua friza akatafakari. Viwiliwili vyote amepewa yeye. Vichwa vimewekwa kando, vimefunikwa, havijaguswa wiki nzima. Mtoto huyu, akajisemea, kumbe ana akili: amewawekea wageni supu.

Nilirudi saa saba nikakuta mkeka umetandikwa barazani, mshenga na wazee wanne upande huu, baba mdogo na wazee wetu upande ule, kanzu zimenyooka, na harufu ya mawese inatembea mpaka barabarani. Nikasalimia, shikamoo shikamoo, nikaketi pembeni kwa adabu. Nikaletewa bakuli.

Ndani ya bakuli kulikuwa na kichwa cha mgebuka, mdomo wazi, kinanitazama.

Nilikitazama na mimi. Kwenye ukingo wa shavu lake kulikuwa na kitu cheupe kimechomoza, na juu yake, katikati ya duara la mafuta ya mawese, niliuona mwandiko wangu mwenyewe. KB 41.

Niliingia jikoni kama naenda kuzima moto. "Shangazi, vichwa umepika vingapi?"

"Ishirini na vinne. Vingine nimekuachia."

"Umeweka ndimu?"

Ukiniuliza kwa nini mtu aliyepotelewa na sampuli aulizie ndimu, ni hivi: vijiwe vile ni kalsiamu kaboneti, na adui yake mkuu ni asidi. Moto angevumilia. Ndimu inamla.

"Nimekamua sita," akasema kwa fahari. "Supu ya samaki bila ndimu ni maji ya kunawa."

Kabla sijapata cha kusema, barazani pakawa kimya. Siyo kimya cha watu wanaofurahia chakula. Nikachungulia. Mshenga, mzee wa heshima mwenye ndevu nyeupe, alikuwa ameishika karatasi kwa vidole viwili, mbali na uso wake, ikidondosha mchuzi.

"Jamani," akasema taratibu, "hii ni nini?"

Mzee wa kulia kwake akaangalia bakuli lake, akachokonoa, akatoa ya kwake. Wa tatu vivyo hivyo. Na ndani kwa wanawake nikasikia sauti ya bibi mmoja: "Hata huku zimo!"

Msomaji, kwetu karatasi yenye maandishi ndani ya kitu cha kunywa ina maana moja tu. Mwenye nia njema ataiita kombe, yale maandishi ya dua yanayonywewa, mwenye nia mbaya ataiita limbwata, na mkwe hana desturi ya kuwa na nia njema siku ya kwanza.

Mshenga akavaa miwani. Akasoma: "KB." Akavua miwani, akatutazama mmoja mmoja.

Bwana aliyekuwa anaposa jina lake linaanza na K. Binamu yangu jina lake linaanza na B.

"Mmemfunga mtoto wetu," akasema yule wa kulia, na akasukuma bakuli.

"Na hii 312?" mwingine akadakia. "Ndiyo mahari? Si mngesema tu kwa mdomo?"

Baba mdogo, ambaye kusema kweli ndiye aliyetakiwa kututetea, akanigeukia akauliza kwa kunong'ona, na mnong'ono wake husikika hadi Gungu: "Ni laki tatu na kumi na mbili, au milioni tatu?"

Nikajitokeza. Nikapiga magoti, maana kusimama niliona ni jeuri. Nikasema, wazee wangu, hii siyo dawa, hii ni masta. Nikaeleza vijiwe, pete, hadubini, Kibirizi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mganga. Mtu anayekusanya vichwa usiku wa giza, anaandika namba, anavificha kwenye ndoo, anatafuta vijiwe ndani yake: hata mimi ningejifungulia kesi.

Aliyeniokoa ni mzee wa mwisho kabisa kwenye mkeka, mvuvi mstaafu, ambaye muda wote alikuwa anaendelea kunywa. Alivunja fuvu la kichwa chake kwa vidole gumba viwili, kama mtu anayefungua karanga, akachokoa kwa kijiti cha meno, akaweka kitu kiganjani. Cheupe, bapa, kidogo kuliko punje ya mchele. "Anasema kweli," akasema. "Vijiwe vimo. Tangu utoto nimevitema." Kisha akaninyooshea kiganja: "Haya, mtaalamu. Huyu ana miaka mingapi?"

"Mzee, lazima kwanza nikisugue, halafu nikiweke kwenye hadubini..."

"Kwa hiyo hujui."

"Kwa sasa, hapana."

"Na hiyo ni masta?"

Mkeka mzima ukacheka, mshenga akiwemo, na hapo nikajua posa imepona. Ningenyamaza. Lakini mtu akishakuwa mtafiti hana aibu. Nikachukua sinia, nikaanza kupita: samahani mzee, usiteme chini, tema hapa. Babu, karatasi hii ilitoka kwenye kichwa hiki au kile? Bibi mmoja aliyekuwa na vichwa viwili aliapa kwamba namba 7 ilikuwa kwenye kile kikubwa, kisha akabadili, kisha akasema kwanza yeye alimpa mjukuu. Mjukuu alikuwa amemeza. Karatasi zilirudi 21. Vijiwe vilirudi kiasi, vimechubuliwa na ndimu, na hakuna binadamu wala malaika anayeweza kusema kipi ni cha nani.

Nilikimbilia ziwani siku tatu zilizobaki. Zilinipa samaki 9. Ziwa likafungwa. Nikakaa miezi mitatu nauza barafu za ubuyu. Lilipofunguliwa 15 Agosti nilikuwa wa kwanza mwaloni na rula yangu, nikainua macho: mwezi unakaribia kujaa, wavuvi wengi wamekaa wanacheza bao.

Binamu ameolewa, mahari siyo 312 ya aina yoyote. Ujiji wananiita KB.

Kwenye tasnifu, sura ya tatu, niliandika kwa lugha safi kabisa: "Sampuli 24 ziliharibika wakati wa utunzaji." Profesa alirudisha rasimu wiki iliyopita. Kurasa 90 hakugusa. Pale tu ndipo alipozungushia neno "utunzaji" kwa kalamu nyekundu, na pembeni akaandika: Fafanua.