Mlipe fundi kwa kupima, si kwa kubadilisha spea tu

Ilianzia Kangemi. Ukitoka Westlands na Waiyaki Way barabara inapanda, na hapo ndipo gari langu lilipoanza kushtuka. Nakanyaga mafuta, linavuta, linagutuka kama mtu mwenye kwikwi, kisha linavuta tena. Kwenye tambarare halikuwa na neno. Siku ya tatu taa ya injini ikawaka.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nimetumia Sh22,000 na kwikwi ilikuwa palepale. Plagi nne mpya, filta ya hewa, pampu ya mafuta. Kila gereji niliyoingia nilitajiwa kifaa kibovu kabla boneti haijafunguliwa, na nilipotoka niliambiwa, "Jaribu hivyo kwanza." Mwisho nikaambiwa, "Madam, hii sasa ni giaboksi," kwa bei ambayo ingenilazimu kukopa.

Nimelifikiria sana jambo hili, na naamini kosa kubwa ni letu sisi wenye magari. Hatumlipi fundi kwa kuutafuta ugonjwa. Fundi akikaa saa nzima na gari lako, akasikiliza, akapima, kisha akakwambia pampu ni nzima na plagi ni nzima, tunaona hajafanya kazi. Akitoa kitu kizee na kuweka kipya, hapo ndipo tunafungua pochi. Basi atabadilisha. Ana kodi ya gereji na ana watoto shuleni.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kariobangi, niliyeelekezwa kwake na jirani. Hakugusa gari kwanza. Aliniuliza: "Mama, inashtuka lini? Injini ikiwa baridi ama ikishapata moto? Ukikanyaga kidogo ama ukikanyaga yote? Na ukiachilia mafuta?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza hayo, na majibu nilikuwa nayo yote. Nikamwambia inashtuka ikipanda mlima, ikibeba watu, nikikanyaga sana. Nikiachilia, inatulia.

Akanieleza, nami nayaeleza hapa kwa sababu yangeniokolea pesa. Unapokanyaga mafuta, hewa na petroli nyingi zaidi huingia kwenye silinda, na shinikizo ndani yake hupanda. Cheche ya plagi inahitaji umeme wenye nguvu zaidi ili iruke katika shinikizo hilo. Koili, kifaa kinachoipa plagi umeme huo, ikichoka inaweza kumudu gari likiwa tambarare, lakini mlimani inashindwa. Silinda ile haichomi, injini inapoteza mpigo mmoja, na wewe unausikia mpigo huo mgongoni. Filta ya mafuta iliyoziba au pampu dhaifu kwa kawaida haigutui namna hiyo. Gari huishiwa nguvu taratibu, kana kwamba linanyimwa chakula. Na giaboksi ikiwa na shida, mara nyingi utaisikia gia zinapobadilika au kwenye mwendo fulani uleule.

Akachomeka mashine ya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Ikasoma P0303: silinda ya tatu haichomi. Nilidhani tumemaliza, nikamwambia aagize koili. Akakataa. Namba ile, alisema, inaonyesha nyumba yenye shida, haimtaji mwizi. Inaweza kuwa koili, plagi, injekta inayonyunyiza petroli, au hata kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Hapo akafanya jambo ambalo halikugharimu hata senti moja. Aliitoa koili ya silinda ya tatu akaiweka ya kwanza, na ya kwanza akaiweka ya tatu, akafuta namba, tukatoka barabarani. Tuliporudi mashine ikasoma P0301. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili.

Plagi zilikuwa nzima. Pampu yangu ya zamani, niliyoiacha gereji bila hata kuidai, huenda ilikuwa nzima vilevile. Ingekuwa pampu, silinda zote nne zingelalamika. Hoja hiyohiyo inafaa kwa wale waliokuwa wananiambia ni petroli chafu. Uchanganyaji wa petroli na mafuta ya taa ulikuwa balaa la kweli nchini, ndiyo maana mwaka 2018 mafuta ya taa yaliwekewa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuuzuia. Lakini petroli mbaya haichagui silinda moja.

Mzee alinionyesha kutu mdomoni mwa koili. "Uliosha injini?" Ndiyo, kwenye karwashi, kwa maji ya presha, mwezi uliotangulia. Tafadhali usiruhusu injini yako ioshwe hivyo. Maji hutuama kwenye mashimo ya plagi, na koili ziko juu yake.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya pesa. Gereji ya kwanza ilichomoa betri ili taa izime, na taa ikazima kweli kwa siku mbili. Kompyuta ya gari huhifadhi pamoja na namba ya hitilafu hali ilivyokuwa wakati huo: mwendo, mizunguko ya injini, joto lake. Ushahidi wote huo ulifutwa. Nami nikaendelea kuendesha, huku petroli isiyochomwa ikiingia kwenye katalitiki, kifaa cha kusafisha moshi wa gari, ambako huungua na inaweza kuiyeyusha ndani. Taa ya injini ikianza kumweka wakati gari linashtuka, punguza mwendo, utafute pa kusimama salama.

Koili mpya ilitoka maduka ya Kirinyaga Road kwa Sh3,800. Mzee akadai Sh300 za kuifunga. Nikamuuliza, na kupima je? Akasema, "Hiyo watu hawalipi, mama." Saa moja na nusu ya akili yake, miaka yote aliyojifunza, na hakuwa ameiandika popote. Nilimlipa Sh1,500 juu ya zile, akazikataa mara mbili kabla ya kuzipokea.

Siku hizi nikipiga simu gereji naanza na swali moja: "Kupima peke yake ni pesa ngapi?" Wengi hunijibu kuwa ni bure ukinunua spea kwao, na hao siwarudii. Mmoja alinitajia bei yake ya saa moja, akaongeza kuwa nitailipa hata asipokuta kosa. Yeye ndiye niliyempelekea gari la mama yangu.