Saa za gemu si kipimo kamili

Mwaka 2021 China iliamua kwamba aliye chini ya miaka 18 acheze gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, tena Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu pekee. Mwaka huohuo Korea Kusini ikatangaza kufuta sheria yake ya 2011, iliyowazuia walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri. Hofu ya watoto kuzama kwenye gemu ni moja, maamuzi yamepishana.

Wanaodai ukali wana hoja. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022. Ila masharti yake ni mazito: mtu ashindwe kujizuia, gemu ipewe nafasi kuliko mambo mengine, aendelee licha ya madhara, na kwa kawaida hali hiyo idumu miezi 12 au zaidi. Mtoto anayenuna akiambiwa azime hajafika huko, hata akinuna mpaka kesho.

Kuhusu ukatili, chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kuzihusisha gemu za mapigano na vitendo vya ukatili, ingawa kuna uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana. Kila upande hunukuu nusu inayoufaa.

Mimi naogopa zaidi namna gemu zinavyoundwa. Nyingi za leo hazina mwisho. Kuna zawadi ya kila siku ili mtoto asikose kuingia, na kuna maboksi ya bahati nasibu ambayo hulipiwa kabla ya kujua kilichomo. Mwaka 2018 Ubelgiji iliyahesabu maboksi hayo kuwa kamari. Desemba 2022, kampuni ya Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 nchini Marekani, kwa madai ya kukiuka faragha ya watoto na ya kuwafanya wachezaji wanunue vitu bila kukusudia. Saa moja ndani ya gemu za namna hiyo hailingani na saa moja ya mtoto kujenga mji wa kufikirika kwenye gemu pamoja na dada yake.

Kwa hiyo mipaka iwepo, lakini ikae penye madhara. Simu isilale na mtoto. Nenosiri la malipo abaki nalo mzazi. Na kwa kuwa mechi ya mtandaoni haisimamishwi katikati, kumwambia "mechi mbili, basi" kunapunguza ugomvi kuliko "dakika arobaini".

Kuna pingamizi la haki: mzazi anayerudi usiku amechoka hana muda wa kuchunguza kila gemu, na saa ndiyo sheria pekee anayoweza kuisimamia. Simlaumu. Lakini siku moja ya mapumziko akikaa acheze na mtoto, ataona mwenyewe ni wapi gemu inapoanza kuomba pesa.