Dave Gallaher: kufa vitani hakumalizi ubishi wa uwanjani

Mwaka 1905 baadhi ya magazeti ya Uingereza yalimwona Dave Gallaher, nahodha wa All Blacks, timu ya taifa ya raga ya New Zealand, kuwa mlaghai. Leo New Zealand na Ufaransa hushindania kombe lenye jina lake. Kati ya hayo mawili kuna kaburi huko Ubelgiji, na nadhani kaburi hilo ndilo lililomsafisha kuliko hoja yoyote ya raga.

Malalamiko yenyewe yalikuwa na uzito. Timu nyingine zilipanga mafowadi wanane kwenye skramu, pale pande mbili zinaposhikamana na kusukumana kugombea mpira. New Zealand ilipanga saba, wa nane, Gallaher mwenyewe, akabaki nje. Ndiye aliyeingiza mpira, kisha akasimama palepale ubavuni. Hafubeki wa wapinzani, yule anayecheza nyuma ya skramu, akitaka kumvaa mwenzake wa New Zealand aliyeokota mpira nyuma, anakutana na kifua cha Gallaher. Baadhi ya waamuzi hawakumvumilia, filimbi zikalia.

Watetezi wake husema kanuni hazikuikataza nafasi hiyo, wala hakuibuni yeye. Wanaongeza kwamba timu iliyocheza mechi 35 katika ziara ile ya 1905–06 ikapoteza moja tu, 3-0 mbele ya Wales, ikafunga pointi 976 na kufungwa 59, haikubebwa na hila ya mtu mmoja. Hapo kwenye pointi sina ubishi. Kwenye kanuni wanachechemea, maana mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilibadilishwa na nafasi hiyo ikafa. Hata hivyo, aliyepita kwenye mwanya ambao watunga kanuni waliuacha wazi simwiti mlaghai. Mjanja, ndiyo.

Uaskari wake nao umepakwa rangi. Alikwisha kupigana Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini mwaka 1901–02, na mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, umri ulimwondolea lazima ya kwenda jeshini. Akaenda. Husimuliwa kwamba alikwenda kulipiza kisasi cha mdogo wake Douglas, aliyeuawa Ufaransa Juni mwaka huo. Kisa kitamu, ila Gallaher alijiandikisha Mei. Anayetaka kukitetea atasema msiba ulimkaza nia akiwa bado anasubiri kuitwa, na hilo linawezekana. Lakini si lililompeleka.

Aliuawa tarehe 4 Oktoba 1917, karibu na Passchendaele, Ubelgiji, akiwa na miaka 43. Jiwe la kaburi linasema 41. Huko nyuma aliwahi kujipunguzia umri kwenye makaratasi, na hilo, kwangu, linamfanana zaidi kuliko kisa cha kisasi: ni yuleyule wa pale ubavuni mwa skramu.