Vivuruga rada: sheria kali juu ya kifaa dhaifu

Dereva anayeendesha kwenye barabara kuu za Marekani, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili walioingia katika kazi ya malori ya safari ndefu, hukutana mapema na matangazo ya kifaa kinachodaiwa kuipofusha rada ya polisi. Maswali mawili huulizwa kwa pumzi moja: je, kinafanya kazi, na je, kinaruhusiwa? Ni vyema kuyatenganisha, kwa kuwa la kwanza linajibiwa na fizikia na la pili na sheria, na majibu yake hayaendi sambamba. Inafaa pia kutochanganya vifaa. Kigundua rada husikiliza tu na kumwonya dereva. Kivuruga rada hutaka kuharibu kipimo chenyewe. Na kivuruga leza ni kitu kingine kabisa, kwani hushughulika na mwanga.

Rada ya polisi hurusha mawimbi ambayo, yakigonga gari lililo mwendoni, hurudi yakiwa yamebadilika masafa kidogo, na badiliko hilo ndilo linalosomwa kuwa mwendo. Kwa rada ya gigahezi 24.15, gari linalokuja kwa kilomita 100 kwa saa huleta badiliko la takriban hezi 4,470 tu. Anayetaka kuidanganya rada hiyo hana budi kurusha wimbi lake mwenyewe katika masafa yaleyale, likiwa limebeba badiliko la uongo, tena kwa nguvu inayoushinda mwangwi wa bati la gari lake. Jambo hilo linawezekana kitaalamu. Ugumu ni kwamba rada nyingi za siku hizi hufanya kazi popote kati ya gigahezi 33.4 na 36, uwanja mpana mno kwa kifaa cha bei ya dukani, na askari huweza kuiwasha kwa sekunde chache tu gari likiwa limeshafika karibu. Zaidi ya hayo, rada nyingi hutambua mwingiliano na kukataa kutoa namba. Askari anayeona skrini tupu mbele ya gari moja, kisha namba zikarejea kwa gari linalofuata, hahitaji kuambiwa amtilie shaka nani.

Wapo wauzaji waliojaribu kulikwepa tatizo hili kwa kudai kuwa kifaa chao hakirushi chochote, bali hulichukua wimbi la polisi lenyewe, kulichanganya na kelele na kulirudisha. Kampuni ya Rocky Mountain Radar ilisimama juu ya hoja hiyo mbele ya FCC, tume inayosimamia mawasiliano ya Marekani. Mwaka 1997 tume iliikataa hoja hiyo, na mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Kanda ya Kumi ikaunga mkono uamuzi wa tume. Nakiri kwamba kesi hiyo hunichekesha kidogo: ili kujinasua na sheria, muuzaji alilazimika kueleza kifaa ambacho, kwa maelezo hayohayo, hurudisha mwangwi hafifu kuliko ule unaorudishwa na gari lenyewe.

Kwa hiyo kivuruga rada ni haramu katika majimbo yote ya Marekani, kwa msingi wa Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934 na marekebisho yake, iwe ni kukiuza au kukitumia. Kigundua rada kina nafuu: katika gari binafsi kinaruhusiwa karibu kila mahali, isipokuwa Virginia na Washington DC. Dereva wa lori asijipe moyo kwa hilo, maana kanuni za shirikisho zinakikataza ndani ya magari ya biashara yenye uzito unaozidi takriban kilo 4,500, popote aendapo.

Upande wa madereva nao una hoja ya kweli. Mwaka 1979, huko Miami, mwandishi wa televisheni alionyesha rada ya polisi ikiupima mnazi uliosimama na kuusomea mwendo wa maili 86 kwa saa, sawa na kilomita 138, huku nyumba ikipewa maili 28. Suala hilo lilifika mahakamani, na hakimu akakataa kuupokea ushahidi wa rada kwa jinsi ilivyokuwa ikitumika. Asemaye kwamba dereva anastahili kinga dhidi ya kipimo kibovu, au dhidi ya mji mdogo unaotegemea faini kuliko usalama, hasemi upuuzi. Ila kilichowasaidia wale wa Miami kilikuwa hoja mbele ya hakimu. Kivuruga hakitofautishi rada mbovu na rada nzima, wala askari mwonevu na yule anayelinda kivuko cha shule.

Tena mawimbi hayakai ndani ya gari la mwenyewe. Mwaka 2013 FCC ilipendekeza kumtoza dereva mmoja wa New Jersey faini ya dola 31,875 kwa kutumia kifaa cha kuvuruga GPS, ambacho kiliingilia mfumo wa kuongoza ndege katika uwanja wa Newark. Huko Florida, mtu mwingine aliyechoshwa na madereva wenye simu alitembea na kivuruga simu garini. Askari walipomsimamisha, redio zao wenyewe zilipoteza mawasiliano, na faini yake ikawa dola 48,000. Hivyo havikuwa vivuruga rada, lakini ndivyo vinavyoeleza kwa nini sheria haiulizi kwanza kama kifaa chako kina nguvu.

Kwenye leza hali hugeuka. Bunduki ya leza hurusha mapigo ya mwanga na kupima jinsi umbali unavyobadilika; kivuruga bora huweza kweli kuichelewesha, ingawa bunduki mpya zaidi hukitambua. Mwanga hauko chini ya FCC, hivyo suala limeachiwa majimbo, na California, Texas na Virginia ni miongoni mwa yaliyokataza. Nchini Uingereza, dereva aliyepita mbele ya magari ya kamera huko North Yorkshire akiwa na kivuruga leza, huku akiwaonyesha askari kidole cha matusi, alifungwa miezi 8 mwaka 2018 kwa kosa la kupotosha mkondo wa haki, ambalo ni zito mno kuliko mwendo kasi.

Msomaji wa Tanzania anayefikiria kuagiza kifaa hicho mtandaoni azingatie kwamba tochi za mkononi, yaani vipima mwendo vya polisi, zinazopiga na picha ya gari kwa kawaida ni za leza, hivyo kivuruga rada kwake ni dawa ya ugonjwa mwingine, achilia mbali kwamba mtambo wa kurusha mawimbi huhitaji kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Cha leza huuzwa mamia ya dola. Faini ya tochi imekuwa kwa miaka mingi shilingi 30,000, na dereva anayetoka mbele hukuwashia taa bure.